Kutoka Daudi hadi kilele cha Hanang: Maji ya safari hupimwa kabla ya kufunga shanta

Asubuhi katika Kata ya Daudi, wilayani Mbulu mkoani Manyara, mtu anaweza kutembea kwa saa mbili akiwa amevaa sweta na asione tone la jasho. Uwanda wa juu wa Mbulu una hewa ya ubaridi, na upepo wake huikausha ngozi kabla jasho halijaonekana. Mtembeaji hufika aendako bila kuigusa chupa yake ya maji, na pengine hujisifu kwamba safari imekuwa nyepesi. Jioni ndipo kichwa huanza kumgonga, misuli ya miguu ikakaza, na haja ndogo ikatoka kidogo, tena ikiwa imekolea kama chai ya rangi.

Huo ndio upungufu wa maji mwilini, na baridi ni mficha wake mkubwa. Mwili hupoteza maji kwa njia ya jasho, haja ndogo na pumzi. Katika hewa kavu ya mahali palipoinuka, mtu anayepanda huhema kwa nguvu na kila pumzi humtoka na unyevu, ilhali baridi hupunguza hisia ya kiu. Matokeo yake ni kwamba mkazi wa nyanda za juu anaweza kukaukiwa mwilini bila kupata tahadhari anayoipata mwenzake wa Dar es Salaam au Tanga, ambaye fulana iliyolowa humkumbusha kunywa.

Kwa kazi za kila siku za shambani na malishoni madhara yake huwa madogo, kwa sababu nyumbani hapako mbali. Hali hubadilika kwa wale wanaofunga shanta na kuelekea Mlima Hanang, au kushuka kwa miguu kuelekea Bonde la Yaeda Chini, kwa matembezi, mafunzo au utalii wa ndani. Njia hizo mbili hazifanani kwa sura wala kwa hali ya hewa, lakini zote zinamtaka msafiri aanze akiwa na maji yake, kwa kuwa akiisha kuacha makazi nyuma yake hana hakika ya kuyapata.

Mlima usio na kisima

Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417 kutoka usawa wa bahari, ni volkano iliyolala, nao ni miongoni mwa milima mirefu zaidi nchini. Umesimama peke yake juu ya mji wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, na msitu wake ni Hifadhi ya Mazingira Asilia inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Njia inayotumiwa zaidi na wapandaji huanzia Jorodom, jirani na Katesh. Mwenye nguvu hupanda hadi kileleni na kurudi kwa siku moja ndefu. Wengine hulala kambini na kumaliza kwa siku mbili.

Mgeni anapoutazama mlima huo kutoka barabara kuu ya Babati na Singida huona ukanda wa msitu wa kijani na mawingu yaliyoufunika, akadhani kijito hakitakosekana. Ukijani huo unadanganya. Mteremko ni mkali, hivyo mvua hukimbilia mabondeni au huzama ardhini, na mpandaji hana chemchemi ya kutegemea njiani, hasa katika miezi ya kiangazi kati ya Juni na Oktoba ambayo ndiyo hupendwa zaidi kwa kupanda. Waongozaji wa eneo hilo hulijua jambo hili, na ndiyo maana swali lao la kwanza kwa mgeni mara nyingi huhusu lita alizobeba, kabla ya viatu alivyovaa.

Hali hiyo haiko Hanang pekee. Katika Mlima Kilimanjaro, wapagazi wa njia ya Machame huteka maji katika Bonde la Karanga na kuyabeba hadi kambi ya Barafu, kwa sababu huko juu hakuna. Kwenye njia ya Marangu, kati ya Horombo na Kibo, kuna mahali panapojulikana kwa miaka mingi kuwa ni pa mwisho kupata maji. Tofauti ni kwamba Kilimanjaro mgeni huwa na kundi la wapagazi na mpishi anayefikiria maji kwa niaba yake. Hanang hupandwa na makundi madogo: wanafunzi, walimu, vijana wa mtaa mmoja waliochangishana nauli. Hapo kila mmoja ni mpagazi wake mwenyewe.

Ndiyo maana hesabu inapaswa kufanyika nyumbani, Daudi au popote msafiri anapotoka, mizigo ikiwa bado sakafuni.

Hesabu ya lita na kilo

Kipimo kinachotumika sana kwa mtu mzima anayetembea kwa mwendo wa kawaida katika hali ya hewa ya wastani ni takriban nusu lita kwa saa. Jua likiwa kali, mzigo ukiwa mzito au mwinuko ukiwa mkali, mahitaji yanaweza kukaribia lita 1 kwa saa. Kipimo hiki ni cha kupangia safari. Miili haifanani: mwenye umbo kubwa na anayetoa jasho jingi huhitaji zaidi, na mwenye umbo dogo huhitaji pungufu.

Kwa safari ya siku moja ya saa 10, nusu lita kwa saa ni lita 5. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo maji hayo peke yake ni kilo 5 mgongoni wakati wa kuanza. Kwa anayelala kambini hesabu hupanda. Saa 5 za kupanda siku ya kwanza ni lita 2 na nusu. Chakula cha jioni, chai ya asubuhi na kunywa usiku ni kama lita 2. Siku ya pili, kumalizia kilele na kuteremka kwa saa 7, ni lita 3 na nusu. Jumla ni lita 8, na inafaa kuongeza lita 1 ya akiba isiyoguswa mpaka kundi lote limeshuka. Zote pamoja ni kilo 9, bila kuhesabu blanketi, hema wala chakula.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huinua shanta, huona limemlemea, kisha hutoa chupa mbili za maji na kubakiza sufuria, mchele na spika ya muziki. Uamuzi huo hautoi dalili ya ubaya saa ya kuondoka. Ubaya wake huonekana kesho yake adhuhuri, juu ya kilele, chupa zikiwa tupu na saa kadhaa za mteremko mkali zikiwa bado mbele. Ikumbukwe kwamba ajali nyingi za kuteleza milimani hutokea wakati wa kushuka, miguu ikiwa imechoka, na mwili uliopungukiwa maji huchoka mapema zaidi. Upungufu wa maji unaofikia asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, yaani kilo 1.4 kwa mtu wa kilo 70, unatosha kupunguza nguvu na uwezo wa kufanya kazi.

Uzito unaoweza kupunguzwa bila hatari uko katika chakula. Ugali, wali na makande vyote vinahitaji maji mengi ya kupikia, na sufuria zake zinahitaji maji ya kuoshea. Kundi la watu watano linalopika wali na maharage kambini linaweza kumaliza lita ambazo zingewatosha kunywa asubuhi nzima. Chapati zilizopikwa nyumbani, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga na ndizi havidai tone la maji mlimani. Machungwa ni mazito, lakini sehemu kubwa ya uzito wake ni maji yanayonyweka. Mama wa Kiiraqw anayemfungia mwanawe viazi vitamu vya safari anaweza kuwa amepanga vizuri kuliko aliyenunua pakiti za tambi dukani Mbulu mjini, kwa kuwa tambi hizo haziliki bila maji ya moto.

Kwa kulinganisha, Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka makazi yake. Hizo ni za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Mpandaji wa Hanang anaishi kwa siku mbili na chini ya nusu ya kiasi hicho, na hakuna kituo ndani ya mita 400. Kila tone lina kazi yake, na kunawa uso si mojawapo.

Chombo cha kubebea

Wafugaji wa Kibarabaig na Wairaqw wametumia vibuyu kwa vizazi vingi. Kibuyu ni chepesi, na kikifunikwa vizuri hakimwagi. Upungufu wake ni kwamba hupasuka kikigonga jiwe na ni vigumu kukisugua ndani. Kwa safari ya mlima, chupa za plastiki za lita 1 au lita 1 na nusu zinatosha kabisa, na bei yake haimzuii mtu. Mifuko maalumu ya maji yenye mrija, inayovaliwa ndani ya shanta, ina faida ya kumwezesha mtu kunywa akitembea, lakini mrija huziba, hutoboka, na huwa vigumu kujua kiasi kilichobaki. Anayeutumia abebe pia chupa moja ya kawaida.

Vyombo vidogo kadhaa ni bora kuliko dumu moja kubwa. Dumu la lita 5 likipasuka au kifuniko chake kikifunguka, safari imekwisha. Chupa moja kati ya tano ikivuja, safari inaendelea. Usiku wa kuamkia safari kila chupa ijazwe, ifungwe na kulazwa ubavuni juu ya gazeti au kitambaa kikavu. Asubuhi gazeti litasema ipi haifai.

Dumu lililokuwa na mafuta ya kupikia linaweza kusafishwa kwa maji ya moto na sabuni likatumika. Chombo kilichowahi kubeba viuatilifu, dawa ya kuogeshea mifugo, mafuta ya taa au dizeli hakitumiki kwa maji ya kunywa hata kioshwe mara kumi. Katika maeneo ya kilimo na ufugaji kama Mbulu na Hanang, vyombo hivyo vimezagaa na vinavutia kwa uimara wake. Mwenye shaka na historia ya chombo akiache.

Katika shanta, maji yakae karibu na mgongo na katikati, si chini kabisa wala nje kabisa, na uzito ugawanywe sawa pande mbili. Chupa moja ibaki mfuko wa pembeni, mahali mkono unapofika bila kuvua mzigo. Jambo hili linaonekana dogo, lakini anayelazimika kusimama na kufungua shanta kila anapotaka kunywa hatakunywa. Aidha, msafiri asitegemee mifuko ya plastiki ya kubebea kuwa kinga ya nguo dhidi ya chupa zinazovuja: mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Chupa tupu nazo hurudi chini na aliyezipandisha.

Kunywa kidogo kidogo, na si kupita kiasi

Aliyebeba lita 5 na kurudi na lita 4 hana tofauti kubwa na asiyebeba. Msafiri anywe nusu lita hivi wakati wa kifungua kinywa, kisha mafunda machache kila baada ya dakika 15 hadi 20. Kiu ni mwongozo mzuri kwa watu wengi wenye afya, ila katika baridi na mwinuko hufika kwa kuchelewa. Rangi ya haja ndogo husaidia: ikiwa ya manjano hafifu, mwili uko sawa; ikikolea, mtu aongeze kunywa; ikiwa hajaenda haja kwa saa nyingi za kutembea, asisubiri kambi ndipo anywe.

Imezoeleka kusikika kwamba chai hukausha mwili. Chai ya kawaida, hata yenye majani, huongeza maji mwilini, na kikombe cha chai ya tangawizi asubuhi ya baridi ni sehemu halali ya hesabu ya lita. Pombe ndiyo yenye tatizo: huongeza haja ndogo, hupotosha uamuzi, na humfanya mtu ahisi joto ilhali mwili wake unapoteza joto. Usiku wa kuamkia kupanda mlima si usiku wa sherehe.

Upande wa pili wa jambo hili hutajwa mara chache. Maji mengi kupita kiasi, yanayonywewa kwa muda mfupi na mtu anayetoa jasho kwa saa nyingi bila kula, yanaweza kushusha kiwango cha chumvi katika damu hadi kuhatarisha maisha. Dalili zake ni kichefuchefu, maumivu ya kichwa, kuvimba mikono na kuchanganyikiwa, na hufanana kiasi na dalili za kupungukiwa maji. Anayeonyesha dalili hizo baada ya kunywa lita nyingi asiongezewe maji matupu. Kinga yake ni rahisi: mtu ale wakati wa safari, karanga zenye chumvi kwa mfano, na asijilazimishe kunywa kupita haja yake.

Pakiti mbili tatu za ORS ziwemo katika kila kundi. Zinapatikana katika maduka ya dawa, na kila pakiti huchanganywa na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, bila kuzidisha wala kupunguza. Zikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, katika lita 1 ya maji safi na salama hutoa mchanganyiko unaosaidia. Chumvi ikizidi, mchanganyiko hudhuru badala ya kuponya. Ukionja una chumvi kuliko machozi, umwagwe.

Kundi linapovuka mita 2,500 huingia eneo ambalo maumivu ya kichwa yanaweza kuwa na chanzo kingine, yaani ugonjwa wa mwinuko. Maji hayazuii ugonjwa huo, ingawa imani hiyo imeenea. Anayeumwa kichwa apumzike, anywe taratibu na kula kidogo. Maumivu yakiendelea, au akianza kutapika, kuyumba au kuongea ovyo, ateremshwe mara moja, akiwa na mwenzake, hata kama kilele kinaonekana.

Wazee, wajawazito, na wenye kisukari, magonjwa ya moyo au ya figo wapate ushauri wa mtoa huduma za afya kabla ya safari, kwa kuwa baadhi ya magonjwa na dawa hubadilisha kiasi cha maji ambacho mwili unaweza kukimudu.

Maji ya njiani

Upande wa Yaeda Chini changamoto ni nyingine. Anayeshuka kutoka uwanda wa Mbulu hupita kwa saa chache kutoka hewa ya sweta hadi joto kali la bondeni, na hesabu ya nusu lita kwa saa haimtoshi tena. Jamii ya Wahadzabe imeishi katika ukanda huo kwa uwindaji na kukusanya vyakula vya porini. Wanajua mahali pa kuchimba mchanga wa mto uliokauka ili kupata maji, na mizizi ya kutafuna kwa ajili ya unyevu wake kisha kutema nyuzi. Elimu hiyo hupatikana kwa maisha mazima. Mgeni wa siku tatu asiijaribu kwa kubahatisha, kwani mizizi inafanana na si yote inayolika.

Maziwa ya ukanda huu yanahitaji tahadhari. Maji ya Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang, ni ya chumvi, na Ziwa Manyara ni la magadi. Kuyanywa huongeza kiu na kuukausha mwili zaidi, na hakuna kuchemsha kunakoyafanya yafae. Malambo yanayotumiwa na mifugo nayo yana vimelea, na katika maji yaliyotuama mtu anaweza kupata kichocho kwa kuingiza miguu tu.

Penye makazi, chanzo bora ni kituo cha kuchotea maji cha kijiji. Vituo vingi vya vijijini viko chini ya usimamizi wa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanza kazi mwaka 2019, na huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ambavyo hutegemea michango ya watumiaji. Msafiri alipe kama wanavyolipa wenyeji na asubiri zamu yake. Kundi la watu 15 linalojaza madumu yote alfajiri, wakati akina mama wamepanga ndoo zao, linakwenda kinyume na azma ya kumtua mama ndoo kichwani, na jina lake litatangulia katika kijiji kinachofuata.

Maji yasiyo na uhakika yatibiwe. Kuchemsha ndiyo njia ya kuaminika zaidi. Kwa kuwa maji huchemka katika jotoridi dogo mahali palipoinuka, juu ya mita 2,000 yaachwe yatokote kwa dakika 3. Vidonge vya klorini ni vyepesi kubeba, ila msafiri asome pakiti: vipo vilivyopimwa kwa ndoo ya lita 20, na kimoja cha aina hiyo hakiwekwi katika chupa ya lita 1. Maji yenye tope yaachwe yatuame na kuchujwa kwa kitambaa safi kwanza, kisha kidonge kipewe dakika 30 au zaidi yakiwa ya baridi sana. Kukiwa hakuna kuni wala dawa, chupa ya plastiki isiyo na rangi, yenye maji maangavu, ikilazwa juani kwa saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu, jua huua sehemu kubwa ya vimelea.

Njia hizo zote haziondoi floraidi, madini yaliyomo kwa wingi katika baadhi ya vyanzo vya mikoa ya Arusha na Manyara vilivyo katika Bonde la Ufa. Kuchemsha kwa muda mrefu huyazidisha, kwa sababu maji hupungua na madini hubaki. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita, na anayekunywa maji yenye kiwango kikubwa tangu utotoni huharibika meno na mifupa. Kwa msafiri wa siku mbili hatari ya haraka ni vimelea vya kuhara, si floraidi. Kwa mkazi anayeyanywa miaka yote mambo ni kinyume, na ndiyo sababu huko Ngurdoto, mkoani Arusha, kumekuwa na kituo cha utafiti wa kuyaondoa madini hayo, ikiwemo kwa kutumia mkaa wa mifupa.

Msimu wa mvua nao usimdanganye mtu kwamba tatizo la maji limeondoka. Mvua kubwa hujaza mabonde ya Hanang kwa ghafla. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka mlimani yaliingia Katesh na vijiji jirani na kusababisha vifo vya watu zaidi ya 80. Mvua inaponyesha juu, hakuna anayepaswa kushuka bondeni kujaza chupa, hata kama kijito kinaonekana kidogo na chupa ni tupu. Safari iahirishwe, au kundi libaki kwenye mgongo wa mlima na kutumia akiba yake.

Kabla ya kuondoka, kundi lipate kibali na mwongozaji kupitia ofisi ya TFS, na limwachie mtu aliyebaki nyumbani taarifa ya njia, idadi ya watu na saa ya kurejea. Lita 1 ya akiba ya kila mmoja ipigwe alama kwa kamba au utepe, ili katika giza la alfajiri, wakati wa kutafuta maji ya chai, asiwepo wa kuifungua kwa bahati mbaya.